Farasi Mdogo Mzee: Historia ya Poni wa Kukokota na Istilahi Zake

Utangulizi

Mfasiri anayepewa kitabu kihusucho farasi wafupi wa Ulaya hukwama mapema sana. Farasi ambao kimo chao hakizidi sentimita 147 au kadiri hiyo wana jina lao mahsusi katika lugha kadhaa za Ulaya, na kamusi zetu zimezoea kulifasiri jina hilo kwa maneno mawili, "farasi mdogo". Tafsiri hiyo hutosha pale ambapo mnyama anatajwa kwa kupita tu. Lakini neno "mdogo" katika Kiswahili lina kazi mbili: hutaja umbo na hutaja umri. Ndugu yangu mdogo aweza kuwa mrefu kunishinda. Basi kitabu kinapoeleza namna ya kumfunga garini farasi wa aina hiyo aliyekwisha timiza miaka 25, mfasiri hujikuta ameandika "farasi mdogo mzee", na msomaji hubaki akijiuliza kama mnyama huyo ni mtoto au ni babu.

Yawezekana wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la mzaha, kwani ni Waswahili wangapi wafugao farasi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una historia yake, na kwamba haukomi katika jina la mnyama. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumpanda farasi, ila maneno ya kumfunga mnyama kwenye gari ili akokote ni machache na yamechanganyika. Anayeumia kwa mchanganyiko huo ni punda wetu wa kila siku. Ili tuione njia ya kutokea, tutafuata habari za poni wa visiwa vya Shetland, mnyama mfupi aliyefanyishwa kazi nzito kupita wengi wa kimo chake, kisha tutapendekeza istilahi chache.

Asili ya maneno yetu ya farasi

Afrika ya Mashariki haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o na maradhi ya nagana, pamoja na homa ya farasi ienezwayo na visubi, viliwaangamiza wanyama hao katika sehemu nyingi za bara. Aghalabu farasi waliokuwako pwani waliletwa kwa vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, nao wakawa wanyama wa fahari: walipandwa na watawala na wenye mali. Kazi za kila siku ziliachiwa punda, na shehena ya nchi kavu ilibebwa na wapagazi.

Hali hiyo imeacha alama katika msamiati. Neno farasi ni la Kiarabu. Seruji, yaani tandiko la farasi la namna ya Kiarabu, ni la Kiarabu pia, na vivyo hivyo saisi, mtunza farasi. Lijamu, chuma cha kinywani, tumelipata kwa Waarabu ambao nao walilipokea kutoka Kiajemi. Hatamu limetokana na neno ambalo huko kwao lilihusu zaidi kamba ya kumwongozea ngamia. Kikuku, ambalo ni pambo la mkononi au mguuni, likapewa kazi ya pili ya kutaja pete ya chuma akanyagayo mpanda farasi. Kigwe, kamba nyembamba ya kusokotwa, nalo likaingia katika orodha hiyo. Mwendo wa mnyama ulipewa majina yake: huyu huenda telki, yule huenda matiti. Ni dhahiri kwamba maneno haya yaliundwa na mtu aliyeketi mgongoni mwa mnyama.

Maneno ya kukokota yalikuja kwa njia nyingine. Gari limetoka Bara Hindi. Nira limetoka Uarabuni, nalo ni la ng'ombe wawili waliofungwa shingo kwa shingo. Shogi, ule mfuko mpana wa ukili unaoning'inia pande mbili za punda, ni neno la kubebesha wala si la kukokotesha. Kwa hiyo tuna lijamu mbele na gari nyuma, lakini mikanda iliyo katikati, ambayo ndiyo hasa inayohamisha nguvu ya mnyama na kuipeleka kwenye magurudumu, haina majina yanayokubaliwa na wote. Mara nyingi husemwa "kamba" tu, na mnyama huambiwa "amefungwa kamba".

Yafaa ikumbukwe kwamba moja ya maneno hayo limepata makuu kuliko mengine. Katika miaka ya 1970 usemi wa "Chama kushika hatamu" ulienea Tanzania nzima, hasa baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 1975 ili kutamka ukuu wa chama juu ya vyombo vingine, nao uliendelea kutumika hata mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Mamilioni ya watu ambao hawajapata kugusa farasi walijifunza neno hatamu kwa njia hiyo. Usemi huo uliifundisha nchi maana moja iliyo wazi: hatamu ni kitu kinachoshikwa na mkono wa anayeongoza. Tutarudi kwenye maana hiyo tutakapofika kwenye mapendekezo.

Poni wa Shetland: kutoka mgongoni hadi mabegani

Visiwa vya Shetland viko kaskazini ya Uskoti, penye upepo mkali, miti michache na malisho haba. Farasi wa huko ni wafupi na wenye manyoya mazito, miguu mifupi na kifua kipana. Kanuni za chama cha kuorodhesha nasaba zao, kilichoanzishwa mwaka 1890, haziruhusu kimo kupita inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Hata hivyo ni wanyama wenye nguvu ya ajabu kwa kadiri ya miili yao.

Kwa karne nyingi kazi yao kubwa ilikuwa kubeba. Wakazi wa visiwa hivyo walichimba mboji ya kuwashia moto milimani, wakaikausha, kisha wakaipakia katika vikapu viwili vilivyoning'inizwa kwenye tandiko la mbao, kikapu kimoja kila ubavu. Msomaji wa Lamu au Pemba atautambua mtindo huo mara moja: ni ndugu wa shogi. Barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno huko hadi katikati ya karne ya 19, kwa hiyo kumfunga poni garini hakukuwa desturi ya kale ya kisiwani. Poni wa Shetland alipata kuwa mnyama wa kukokota kwa wingi baada ya kuvushwa bahari.

Kilichomvusha ni makaa ya mawe. Mwaka 1840 serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza kazi za watoto, na taarifa yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1842, ilihusu migodi. Taarifa hiyo iliambatana na michoro. Michoro hiyo ilionyesha watoto wakitambaa kwa mikono na magoti katika njia za chini kwa chini, wamefungwa mkanda kiunoni, na mnyororo umepita katikati ya miguu yao hadi kwenye kigari cha makaa kilicho nyuma. Kwa maneno mengine, watoto hao walivalishwa matandiko ya kukokotea. Taifa lilishtuka. Katika mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyokataza wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi.

Farasi walikuwa wamekwisha tumika migodini kabla ya hapo, lakini baada ya sheria hiyo mahitaji yakazidi. Katika majimbo ya Durham na Northumberland, ambako matabaka mengi ya makaa yalikuwa membamba na njia zake za chini, mnyama wa kimo cha kawaida hakuweza kupita. Poni wa Shetland aliweza. Madume yakanunuliwa kwa wingi na kupelekwa shimoni, hata ikahofiwa kwamba visiwani wangebaki madume dhaifu ya kuzalisha. Ndipo Markizi wa Londonderry, aliyekuwa na migodi Durham, akaanzisha shamba la kuzalishia poni katika visiwa vya Bressay na Noss mnamo mwaka 1870. Kusudi lilikuwa kupata mnyama mnene, mzito na mfupi wa miguu. Dume mmoja wa shamba hilo aliyeitwa Jack amekuwa babu wa sehemu kubwa ya poni wa Shetland walioandikishwa tangu hapo. Shamba lenyewe lilivunjwa na wanyama wake kuuzwa mwaka 1899.

Kazi ya shimoni na lugha ya sheria

Shimoni poni alikokota vigari vilivyopita juu ya reli. Kijana mmoja na poni mmoja walifanya kazi pamoja zamu nzima, gizani, katika njia ambayo pengine haikumzidi mnyama kimo kwa zaidi ya viganja vichache. Vifaa vyake vilikuwa vya namna ya pekee. Kichwani alivishwa kofia ya ngozi ngumu ya kumkinga na mwamba na kulinda macho yake. Shingoni alivaa kola nene iliyojazwa. Miti ya kukokotea haikuwa sehemu ya kigari, bali ilifungwa kwa mnyama na kuunganishwa na kigari kwa pini, ili kijana aweze kumhamisha upesi kutoka kigari kimoja hadi kingine. Lugha ya wachimbaji nayo ilijitengenezea maneno. Katika migodi ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, Galloway, jina la jimbo la Uskoti ambalo zamani lilisifika kwa farasi wake wafupi, likawa jina la kawaida la poni wa mgodini, hata kama mnyama mwenyewe hakupata kuiona Uskoti.

Hapa ndipo historia ya poni inapomgusa mtumishi wa serikali na mfasiri wa sheria. Bunge la Uingereza lilipoanza kuwalinda wanyama hawa halikuridhika na kuamuru kwamba watendewe wema. Sheria ya migodi ya mwaka 1887 ilitaka njia zinazopitwa na farasi ziwe na nafasi ya kutosha ili mnyama asijisugue darini wala ukutani. Sheria ya mwaka 1911 ilikwenda mbali zaidi: farasi asishushwe shimoni kabla ya kutimiza miaka minne, farasi kipofu asifanyishwe kazi humo, na kwa kila farasi 15 pawe na mtunzaji mmoja asiyepungua. Kila sharti lilitaja kitu kinachoweza kuonwa, kupimwa au kuhesabiwa. Mkaguzi aliyeshuka na taa yake aliweza kusema ndiyo au siyo.

Maana ya jambo hili kwa fani yetu ni kubwa. Sheria isemayo tu "mnyama asiteswe" humwachia kila mtu nafasi ya kujitetea. Sheria isemayo ni mkanda upi usiwekwe mahali papi humfunga mwenye gari na pia humpa mkaguzi ushahidi. Lakini sheria ya namna hiyo haiwezi kuandikwa katika lugha ambayo haina jina la mkanda huo.

Idadi ya farasi na poni katika migodi ya Uingereza ilifikia kilele chake mwaka 1913, walipokuwa 70,000 hivi. Migodi ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1947 walikuwa wamebaki zaidi ya 20,000, kisha mashine zikachukua nafasi yao mwaka hata mwaka. Mgodi wa Ellington, Northumberland, uliwatoa poni wake wa mwisho mwaka 1994, na poni wa mwisho wa mgodi mdogo karibu na Pontypool, Wales, alistaafishwa mwaka 1999. Wengi katika wanyama hao walizeeka kazini. Hilo laeleweka, kwani mnyama mkongwe alizijua njia, aliijua sauti ya kijana wake, na hakuhitaji kufundishwa. Ujuzi wake ulikuwa na thamani hata nguvu zake zilipopungua.

Kifarasi cha Marekani na mnyama aliyezeeka

Poni wa Shetland walisafirishwa pia Marekani, na chama chao kikaanzishwa huko mwaka 1888. Kutokana na wanyama wafupi waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi, pamoja na damu za makundi mengine, ilipatikana aina ya farasi ambaye ni mfupi hata kuliko poni. Chama cha Marekani cha wafugaji wa aina hiyo, kilichoundwa mwaka 1978, kinataka kimo kisichozidi inchi 34, yaani sentimita 86, kinachopimwa mahali unywele wa mwisho wa shingoni unapoishia. Mnyama wa kimo hicho hawezi kupandwa na mtu mzima. Njia kuu ya kumpa kazi ni kumfunga kwenye gari jepesi la magurudumu mawili, na kwa sababu hiyo kuendesha gari la farasi, ambako katika miji ya Magharibi kulikuwa kumekaribia kusahauliwa, kumepata uhai mpya.

Tufanye hadhari hapa katika kulipa jina aina hiyo. Mtu aweza kushawishika kusema "farasi kibete", lakini wafugaji wenyewe hutofautisha kabisa ufupi wa asili na ubete. Farasi huyu anatakiwa awe na uwiano wa farasi mkubwa, kichwa kwa shingo na mguu kwa kiwiliwili. Mnyama mwenye ubete, ambao ni kasoro ya kurithi inayoharibu uwiano huo, pamoja na viungo vyake, haandikishwi. Mfasiri atakayeandika "farasi kibete" atakuwa amempa mnyama mzima jina la kasoro anayochujwa nayo.

Farasi wafupi huishi maisha marefu. Si ajabu kuona poni wa miaka 25 au 30, ambapo matabibu wa mifugo huanza kumhesabu farasi kuwa mzee tangu miaka 15 hivi. Wenye wanyama hao wamegundua jambo ambalo wachimbaji walilijua: poni asiyefaa tena kubeba mtu aweza bado kukokota gari jepesi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Mzigo uliowekwa mgongoni hubebwa wote na uti wa mgongo na miguu. Mzigo uliowekwa juu ya magurudumu, katika njia ngumu na tambarare, hubebwa na ardhi, na mnyama hudaiwa sehemu ndogo tu ya uzito huo ili kuusogeza.

Lakini nafuu hiyo hupatikana kwa masharti, na kila sharti ni la kifaa fulani. Gari la magurudumu mawili lisipokuwa na mizani, mikono yake huukandamiza mgongo wa mnyama au huunyanyua mkanda wa tumboni. Mnyama mzee hupoteza nyama za mgongoni na mfupa wa bega hutokeza, kwa hiyo tandiko lililomkaa vyema miaka mitano iliyopita sasa humchubua. Kola iliyomwenea shingoni hulegea, nayo ikilegea husugua. Hapo wengine hubadili na kutumia mkanda mpana unaopita kifuani. Mkanda huo ukiwekwa chini mno huzuia mabega kusonga, na ukiwekwa juu mno hubana koo. Meno yaliyochakaa hubadilisha jinsi lijamu inavyokaa kinywani. Macho yakififia, mnyama hutegemea zaidi sauti ya mwendeshaji. Na kwenye mteremko, iwapo hapana mkanda wa nyuma unaozunguka makalio, gari huserereka na kumgonga miguuni. Mwendeshaji mwenye busara huanza kwa mwendo wa miguu hata viungo vipate joto, hapakii zaidi ya mtu mmoja au wawili wepesi, na hukaguakagua mikanda yote kabla ya safari na baada yake.

Msomaji atakuwa ameona kwamba aya iliyotangulia imelazimika kutumia maelezo mahali pengi ambapo fundi angetumia neno moja. Huo ndio upungufu tunaouzungumzia.

Mapendekezo ya istilahi

Katika kupendekeza tumefuata kanuni tatu: neno lililokwisha zoeleka lisibadilishwe, neno moja libebe maana moja, na maneno ya Kiswahili cha kawaida yatangulie maneno ya kigeni.

(a) Poni. Litumike kwa farasi wafupi kwa jumla, ili "mdogo" ibaki kutaja umri au umbo kadiri muktadha unavyotaka. Kwa njia hiyo "poni mzee" haina utata, na "mtoto wa poni" pia haina.

(b) Kifarasi. Litumike kwa ile aina ya kimo kisichozidi sentimita 86. Kiambishi ki- cha udogo ni mali yetu wenyewe, na hakibebi maana ya kasoro. Upatanisho wake uwe wa viumbe hai, kama tusemavyo "kifaru mkubwa amepita": kifarasi mzee amefungwa garini.

(c) Matandiko ya kukokotea. Liwe jina la jumla la vifaa vyote vya kumfunga mnyama garini, likipambanuliwa na "matandiko ya kupandia".

(d) Lijamu. Ibaki kuwa chuma cha kinywani peke yake. Mikanda ya kichwani inayoishikilia iitwe "kanda za kichwa".

(e) Hatamu. Baadhi ya maandishi hulitumia kwa vifaa vyote vya kichwani. Tunashauri libaki kwa zile kanda ndefu zinazotoka kwenye lijamu hadi mkononi mwa mwendeshaji. Matumizi ya umma yamekwisha amua hivyo, na si kazi ya mtunga istilahi kushindana na taifa zima.

(f) Kola ya kukokotea na ukanda wa kifua. Hizi ni njia mbili tofauti za kupokea nguvu ya mnyama, na zisichanganywe. Kola huzunguka shingo na kulalia mabega. Ukanda wa kifua hupita mbele ya kifua, chini ya koo.

(g) Kamba za kukokotea. Ziwe zile mbili zinazotoka kwenye kola au ukanda wa kifua hadi garini, hata kama zimetengenezwa kwa ngozi au mnyororo.

(h) Mikono ya gari. Hili ni jina ambalo wenye mikokoteni wanalo tayari, nalo lafaa kwa miti miwili inayomweka mnyama katikati.

(i) Mkanda wa tumbo, ukanda wa makalio na ukanda wa mkia. Majina haya yanataja mahali kifaa kinapokaa, na kwa hiyo mkaguzi hana haja ya kufunzwa.

(j) Kwa vitenzi, "kupanda" kuwe kwa aliye mgongoni. "Kuendesha" kuwe kwa aliye garini, na mfasiri aepuke "kuendesha farasi" pasipo kutaja gari, kwani msomaji hatajua mtu huyo ameketi wapi. Kuanza kazi kuwe "kumfunga garini", na kumaliza kuwe "kumfungua".

Onyo kuhusu vipimo

Katika nchi zisemazo Kiingereza kimo cha farasi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa kwa jina la kiungo cha mkono, nacho ni inchi nne kamili, yaani sentimita 10.16. Mfasiri asikifasiri kwa neno "mkono". Katika Kiswahili mkono ni kipimo cha kale, sawa na dhiraa, yapata inchi 18 kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Poni wa vipimo 10 vya Kiingereza ana kimo cha sentimita 101.6, akiandikwa kuwa ni "wa mikono 10" atakuwa na mita nne na nusu, naye atamshinda twiga wengi. Neno "shibiri" nalo halifai, kwa kuwa shibiri ni inchi tisa hivi, zaidi ya maradufu ya kipimo kinachotakiwa. Njia salama ni kubadilisha hesabu na kuandika sentimita.

Hitimisho

Tumeanza na poni wa mbali, lakini tumekuwa tukimzungumzia jirani. Katika barabara zetu za vijijini na mijini punda hukokota maji, mchanga, mahindi na saruji. Wengi wao hufungwa nira iliyobuniwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo, akaisukuma. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani na mabegani, na nira ikimkalia juu ya mabega hukata ngozi hadi kidonda. Mwenye punda si mkatili. Amerithi kifaa kimoja na neno moja, naye amevitumia vyote viwili kwa mnyama asiyehusika.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi zao, uamuzi uliotambua kwamba punda aliye hai, afanyaye kazi, ana thamani kwa jamaa maskini kuliko ngozi yake. Punda aliyenusurika na kisu atarudi kwenye mkokoteni, na huko atazeeka. Maofisa ugani watalazimika kuandika miongozo, walimu wa vyuo vya mifugo watalazimika kufundisha, na wafasiri wataletewa vitabu vilivyoandikwa kwa lugha zenye jina kwa kila mkanda. Kama tutaendelea kuandika "mfunge kamba vizuri", mwongozo hautamfikisha mtu popote. Tukiandika "ukanda wa kifua upite chini ya koo na juu ya maungio ya mabega", mwenye mkokoteni ataweza kushika ukanda huo kwa mkono wake na kuusogeza.

Watoto wa migodini walifunguliwa minyororo baada ya watu kuona michoro iliyoonyesha bila kuficha mkanda ulikaa wapi na mnyororo ulipita wapi. Kazi iliyofanywa na michoro ile mwaka 1842 yaweza kufanywa leo na istilahi. Kwa hiyo tunawaomba wanaoshughulika na mifugo, hasa mafundi wa ngozi na wenye mikokoteni wa Lamu, Dodoma, Singida, Arusha na kwingineko, walete maneno wanayoyatumia wenyewe, ili mapendekezo haya yapimwe, yasahihishwe na kukamilishwa kabla hayajapewa muhuri wa usanifu.